Kabla Hujavuka Kwenda Unguja Kununua Baskeli ya Resi

Maneno ya fundi baskeli mbele ya vijana wanaoanza kuendesha, katika ukumbi wa skuli, Chake Chake, Pemba

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa Sheha, Mwalimu Mkuu, walimu, wazazi mliofuatana na watoto wenu, na nyinyi vijana ambao ndio mlioniita, nashukuru. Mimi nimezoea kuzungumza na mtu mmoja mmoja, mikono imejaa mafuta na baskeli imepinduliwa chini baina yetu. Leo nimeambiwa nisimame mbele ya ukumbi. Nitasimama, lakini nitasema yale yale ninayoyasema kibandani.

Najua kilichowakusanya. Mwezi wa tisa 2025 mbio za baskeli za ubingwa wa dunia zilifanyika Kigali, jirani zetu hapa, na ilikuwa mara ya kwanza kufika katika bara la Afrika. Mwaka mmoja kabla yake, 2024, Biniam Girmay, kijana wa Eritrea, alishinda hatua tatu za Tour de France, zile mbio kubwa za Ufaransa, akarudi na jezi ya kijani, ya aliyekusanya pointi nyingi. Mmeyaona hayo kwenye simu zenu. Tangu hapo hazipiti siku mbili hajanijia kijana na picha mkononi: "Fundi, hii vipi? Bei yake sawa?" Swali ni jema na nafurahi kuulizwa. Lakini mara nyingi picha yenyewe hunitia hofu, kwa sababu fedha inayozungumzwa pale ni ya msimu mzima wa karafuu, na mara nyingine ni ya mama aliyechambua karafuu hizo kwa vidole vyake usiku, taa ikimfukia moshi. Fedha ya namna hiyo haitumiwi kwa kutazama rangi.

Neno langu ni moja. Baskeli ya resi inayostahili fedha ya mtu anayeanza ni ile inayomtosha mwilini, na ambayo siku ikiharibika itatengenezeka hapa hapa Pemba. Nitakayoyasema yote yanatoka hapo.

Nianze na mwili, maana hapo ndipo nilipoumia mwenyewe.

Baskeli yangu ya kwanza ya resi niliinunua Unguja, imetoka kwenye kontena la mtumba. Ilikuwa nzuri, wallahi ilikuwa nzuri. Usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, rangi haijachubuka, gia zinaingia bila kelele. Nilipopanda vidole vya miguu ndivyo tu vilivyogusa chini. Muuzaji akaniambia siti inashuka, akaishusha mpaka mwisho, nikalipa. Nikaivusha kwa meli, nikashuka nayo Mkoani, nikasema nitaiendesha mpaka Chake. Nilifika mabega yamekaza kama mbao na vidole viwili vya mkono wa kushoto vimekufa ganzi. Fremu ile ilikuwa namba 58, ndiyo saizi yake kwa sentimita, na nyinyi mnaniona urefu wangu ulivyo mdogo. Miezi minne nilijidanganya kwamba ni mazoea tu, mwili utakubali. Haukukubali. Niliiuza kwa nusu ya bei niliyoinunulia, na kwa muda mrefu sikutaka tena kuisikia habari ya resi.

Kosa liko hapa: siti hupanda na kushuka, lakini masafa kutoka kwenye siti mpaka kwenye usukani hayabadiliki ila kidogo mno. Fremu kubwa ukiishusha siti yake bado ni ndefu. Utakuwa umejinyoosha kama mtu anayechungulia kisima. Kwa hiyo ukubwa wa fremu ndio jambo la kwanza kuulizwa, kabla ya bei. Kijana akinipigia simu kutoka Darajani, Unguja, akaniambia, "Fundi, nimeipata kwa bei rahisi," nami nikamuuliza namba ngapi, akawa hajui, namwambia aondoke pale aende akanywe maji kwanza.

Namba yako utaijuaje? Vua viatu, simama umeegemea ukuta, chukua kitabu kigumu ukiweke baina ya miguu, ukipandishe mpaka kikuguse vile kinavyokugusa siti. Mwenzako apime kutoka juu ya kitabu mpaka sakafuni. Tuseme umepata sentimita 80. Zidisha kwa 0.67, inakuja 53 na nusu hivi. Basi fremu yako iko kwenye 52 mpaka 54. Hesabu hii ni ya fremu za zamani zenye bomba la juu lililolala sawasawa. Fremu za siku hizi bomba lake linateremka kuelekea kwenye siti, na wengine huandika herufi tu, S au M au L, kwa hiyo namba hiyo itakuelekeza mlango tu, chumba utakiona mwenyewe.

Ipo na hesabu ya pili, ya urefu wa siti. Ilipata umaarufu kwa Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France 1986, 1989 na 1990. Chukua ile ile 80 uzidishe kwa 0.883, unapata sentimita 70 na nusu na kidogo. Hayo ndiyo masafa kutoka katikati ya ekseli ya kranki, pale mikono ya pedeli inapozungukia, mpaka juu ya siti. Na kama huna karatasi wala kalamu, panda baskeli, mwenzako aishike, weka kisigino juu ya pedeli ikiwa chini kabisa. Mguu unyooke sawasawa bila ya kiuno kuinama upande. Ukija kukanyaga kwa mbele ya wayo, goti litabaki na mkunjo mdogo, na huo ndio unaotakiwa. Wengi wetu tumezoea kukaa chini sana, miguu yote ardhini, kama tulivyokuwa tukipanda Phoenix za baba zetu. Kwa safari ya sokoni haidhuru. Kwa kilomita arobaini, magoti yatakusemesha.

Halafu mikono. Iweke juu ya vile vishikio vya breki. Viwiko vipinde kidogo, na uweze kuinua kichwa ukatazama mbele bila shingo kuuma. Zipo fremu za mashindano hasa, zenye shingo fupi kwa mbele na usukani uko chini, na zipo zilizotengenezwa kwa safari ndefu, usukani umepandishwa kidogo. Anayeanza achukue hizi za pili. Mgongo wenye umri wa miaka kumi na minane hudhani unaweza kila kitu, nami nimeshautengeneza usukani wa migongo mingi ya namna hiyo.

Mabinti mliokaa upande ule, nanyi naona mko wengi na nimefurahi, msikubali kuambiwa "hii ndogo zaidi hatuna." Fremu za 48 na 50 zipo, zinakuja kwenye makontena, ni kusubiri tu. Ukinunua ya kaka yako utaumia wewe.

Sasa tuje kwenye tairi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote, kwa sababu hapa ndipo baskeli nyingi za resi zinapokufa katika kisiwa hiki. Zinaegemezwa ukutani kwa kukosa tairi, kuku wanalala juu yake.

Kila tairi ubavuni mwake ina namba mbili zenye kistari katikati. Kwa mfano 28-622. Ya kwanza ni unene wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha duara la rimu, kutoka upande mmoja mpaka wa pili, pale tairi inapokalia. Hiyo ya pili haidanganyi. Maneno mengine yote, inchi ishirini na sita, ishirini na nane, ishirini na saba, yanadanganya, maana kila nchi ilihesabu kwa njia yake.

Resi ya siku hizi ni 622. Phoenix na Hero zile kubwa, zenye breki za vyuma, tulizobebea magunia ya karafuu mbichi na matenga ya samaki, ni 635. Baskeli nyingi za milimani, hizi zenye tairi za vinundu mnazokuja nazo skuli, ni 559. Alinijia kijana mmoja kutoka upande wa Micheweni, resi yake imepasuka tairi, ameshanunua tairi ya Phoenix dukani kwa sababu zote mbili aliambiwa ni ishirini na nane. Baina ya 622 na 635 pana milimita kumi na tatu. Ile tairi ilikaa juu ya rimu kama kofia ya baba juu ya kichwa cha mtoto. Fedha imekwenda, na safari ya kurudi ni ndefu.

Upo mtego mbaya zaidi ya huo. Resi za zamani, nzuri kabisa, za chuma, nyingi zilitengenezwa kwa rimu za inchi 27, na hiyo ni 630. Ukiitazama kwa jicho hutaitenga na 622, kwani tofauti ni milimita nane tu. Tairi zake zimebaki za aina chache hata huko zilikotoka. Basi unapokuta resi ya mtumba ya bei rahisi sana, inama usome ubavu wa tairi. Ikiwa 630, iache, au uinunue ukijua kwamba utatafuta magurudumu mengine ya 622, na breki ziweze kuifikia rimu yake. Na habari njema ni hii: baskeli za milimani zinazoandikwa 29 rimu yake nayo ni 622. Kwa hiyo namba hiyo inazidi kuingia visiwani mwaka hadi mwaka, na kwa sababu hiyo mimi nasema 622 na sitaki kusikia nyingine.

Unene nao una maneno yake. Resi za zamani zilipenda tairi ya 23, nyembamba kama kidole. Kwa barabara zetu usikubali fremu isiyoweza kuingiza 28, na ikiingiza 32 ni bora zaidi. Tairi nene kidogo hujazwa upepo mdogo kidogo, haikupigi mikono, na ukiangukia shimo rimu haigongi chini. Watu wamezoea kudhani nyembamba ndiyo inayokimbia. Juu ya lami iliyoparara, tairi inayorukaruka inapoteza nguvu zako hewani. Angalieni kwa macho: pitisha kidole baina ya tairi na foko, na baina ya tairi na breki. Kidole kikikwama, hapana nafasi.

Na valvu. Resi nyingi zina valvu nyembamba yenye kinati juu yake, unakilegeza kabla ya kujaza. Bomba la kawaida la kujazia upepo haliishiki. Kuna kidude kidogo cha shaba kinachofungwa juu yake ili bomba lolote likubali, kidogo kama punje ya mahindi. Nunua viwili, kimoja ukae nacho mfukoni. Usije ukaacha fundi akakitoboa kitundu cha rimu kukipanua ili apitishe tyubu ya baskeli nyingine. Kitundu cha valvu nyembamba ni milimita sita, cha ile nene ni nane, na rimu nyembamba ya resi haina nyama ya kupoteza.

Gia nitazieleza kwa vilima vyetu wenyewe. Mwenzetu wa Unguja akitoka mjini kwenda Nungwi, karibu kilomita sitini, adui wake ni upepo tu, nchi imelala. Sisi hapa tuna vilima vifupi vifupi vinavyosimama ghafla, unashuka bondeni penye mpunga na mara unapanda tena kwenye mikarafuu. Resi za zamani za mashindano zilikuwa na meno 53 na 39 mbele, penye pedeli, na nyuma gia kubwa kabisa ikawa na meno 23. Kwa 39 na 23, mzunguko mmoja wa pedeli unaisogeza baskeli mita tatu na nusu. Ukiwa na 34 mbele na 32 nyuma, mzunguko huo huo unakusogeza mita mbili na robo hivi. Kwenye kilima hiyo ndiyo tofauti baina ya kupanda umekaa na kushuka ukasukuma. Kwa hiyo hesabuni meno. Yameandikwa ubavuni, au myahesabu kwa kidole. Mbele 50 na 34, nyuma ifike 28 au 32, hiyo ni ya Pemba.

Je, gia ngapi nyuma? Vijana huniambia kumi na moja, kumi na mbili, kwa sababu ndizo walizoziona Kigali. Mimi namwambia anayeanza: nane. Kampuni ya Shimano ya Japani hupanga vifaa vyake vya resi kwa madaraja, na lile la gia nane linaitwa Claris. Siwapi jina hili kwa kulitukuza. Nawapa kwa sababu cheni ya gia nane ndiyo ile ile ya gia sita na saba, na hiyo imo katika kila duka la vifaa vya baskeli, hapa Chake, Wete, hata Konde. Cheni ya gia kumi na moja ni nyembamba zaidi, bei yake ni kubwa, na ikikatika mwezi wa Ramadhani utaisubiri mpaka baada ya Idi. Sora ni gia tisa, Tiagra ni kumi. Si mbaya, ila kila unapopanda daraja, vifaa vinazidi kukaa mbali na wewe.

Kuna jambo moja nalipenda, niruhusuni nilitaje. Resi za zamani zina vijiti viwili vya gia kwenye bomba la chini la fremu, unaachia mkono mmoja kuvisogeza. Wengi wanavidharau. Lakini ndani yake hamna cha kuharibika, waya na kijiti basi. Gia zilizounganishwa na breki ni raha, lakini zikishakuwa za zamani girisi ya ndani hukauka ikawa kama gundi, kijiti kinapigapiga hewa bila kukamata, na kipya bei yake inaweza kuikaribia ya baskeli nzima ya mtumba. Ukinunua za namna hiyo, bonyeza kila kijiti mara kumi, cha kushoto na cha kulia, hapo hapo mbele ya muuzaji.

Sasa chumvi. Wanaoandika habari za baskeli Ulaya hawalitaji jambo hili sana, nasi tunaishi ndani yake. Hewa yetu ina chumvi, na baskeli yenyewe imevuka bahari mara mbili kabla hujaipanda, mara ya kwanza ndani ya kontena na mara ya pili juu ya sitaha ya meli ya Pemba.

Fremu nyingi za kuanzia ni za alumini. Alumini haipati kutu nyekundu kama chuma, lakini huliwa na chumvi ikatoa unga mweupe, khasa pale inapogusana na chuma. Nguzo ya siti ikiachwa bila girisi hushikamana na fremu mpaka zikawa kitu kimoja. Nimeshapokea baskeli ambazo sikuweza kuitoa nguzo hiyo ila kwa msumeno, na moja fremu yake ilipasuka mikononi mwangu. Basi fanya hivi. Kabla hujataja bei, mwambie muuzaji kwa adabu: "Kaka, naomba uishushe siti na uipandishe." Ikikataa kutikisika, usinunue hata ukipunguziwa. Chuma nacho ni kizuri, kinachomelewa na fundi yeyote, ila huoza kutoka ndani. Itoe nguzo ya siti, ipindue fremu, ipige kwa kiganja. Vikimwagika vipande vya kutu, achana nayo.

Kaboni ya mtumba siwashauri kabisa. Ikipata ufa wa ndani huuoni, na siku inapovunjika haitoi taarifa. Kwa aliyekwisha kubobea na anayejua historia ya baskeli yenyewe, sawa. Kwa wa kwanza, hapana.

Fremu yoyote, tazama chini yake pale mabomba mawili yanapokutana na shingo ya usukani. Rangi iliyokunjamana kama ngozi ya maziwa ni dalili kwamba iligonga kitu. Shika breki ya mbele, isukume mbele na nyuma. Ukisikia mtikisiko shingoni, golori zimechoka au zimelegea, na hilo linatengenezeka kwa fedha kidogo. Zungusha gurudumu utazame kama linayumba. Ubavu wa rimu, pale breki inapokamata, ukiwa umechimbika kama sahani, rimu imekwisha.

Cheni ipimeni kwa rula ya skuli yenye inchi. Pini mbili jirani za cheni zina nusu inchi kamili baina yake, kwa hiyo pini ishirini na nne ni inchi kumi na mbili. Weka mwanzo wa rula katikati ya pini moja. Pini ya ishirini na nne mbele yake ikikaa sawa kwenye kumi na mbili, cheni ni nzima. Ikipita kwa moja ya kumi na sita ya inchi, badilisha cheni. Ikipita kwa moja ya nane, cheni imeshayala meno ya nyuma, na utanunua vyote viwili. Muuzaji akikuona unafanya hivyo, bei itaanza kushuka yenyewe.

Breki kwa ufupi: za kubana rimu zinatosha, na mipira yake inapatikana. Za diski zinazovutwa kwa waya ni nzuri khasa wakati wa masika. Za diski za mafuta ziacheni kwanza, mafuta yake maalumu na vifaa vya kuyatia hatunavyo hapa.

Mzazi mmoja ameniuliza mlangoni, kwani mpya ni kiasi gani? Nitamjibu kwa uwazi. Mpya za kuanzia za kampuni kubwa, kama Trek Domane AL 2 au Giant Contend, huko kwao bei yake huanzia karibu na dola 1,000 na kupanda. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni mbili, kabla ya usafiri na ushuru. Ni baskeli nzuri, fremu za alumini, nafasi ya tairi ipo. Mwenye uwezo na anunue, Mwenyezi Mungu ambariki. Kwa wengi waliomo humu, njia ni mtumba. Na katika mtumba, msitumie fedha yote kwenye baskeli. Ukiwa na laki tano, tafuta ya laki nne. Ile laki ni ya tyubu mbili, viraka na solushen, nyaya mpya za breki na gia, mipira ya breki, na vipande vya plastiki vya kutolea tairi. Nasisitiza plastiki, kwa sababu bisibisi na kijiko vinatoboa tyubu mpya na kukwaruza rimu.

Na helmeti na taa vimo katika fedha hiyo, havingoji mwezi ujao. Barabara zetu ni nyembamba, daladala zina haraka, na mimi nimeshatengeneza baskeli ambazo mwenyewe hakurudi kuzichukua. Helmeti isiwe ya mtumba. Hujui imeshaanguka na nani.

Mtaniuliza wepesi. Resi ya kuanzia ina kilo tisa na nusu mpaka kumi na moja. Phoenix ilikaribia ishirini, kwa hiyo mtaona mmeota mbawa siku ya kwanza. Kuiteremsha kutoka kumi mpaka tisa kunagharimu fedha nyingi sana, na chupa mbili za maji za mililita 750 peke yake ni kilo moja na nusu. Kinachokurudisha nyuma kwenye barabara iliyolala ni hewa. Ukitaka kwenda mara mbili ya mwendo wako, hewa inataka nguvu mara nane. Mkitoka hapa wakati wa kusi, kwenda Mkoani upepo uko usoni, mtalielewa hili kabla hamjafika nusu ya njia. Ukiinamisha mgongo na kuvaa shati lisilopepea, umepata zaidi kuliko aliyelipa kwa kilo moja. Na mabinti wanaovaa baibui ndefu, lifungeni pindo kwa bendi upande wa cheni, kila safari.

Mkishafika nayo nyumbani, ioshe kwa maji ya kisima au ya bomba, baridi, kwa ndoo na kitambaa, isimwagiwe maji ya kasi kwenye golori. Ifute, itie cheni mafuta kidogo, futa yaliyozidi. Toa nguzo ya siti, ipake girisi, irudishe. Fanya hivyo siku ile ile iliyovuka bahari, usingoje kesho.

Nimeleta baskeli tatu, ziko nje chini ya mwembe. Moja ni 50, moja 54, na moja ni ile ya 630 niliyowaambia, nimeileta makusudi muisome ubavuni. Mwalimu ametukubalia mpaka saa kumi na moja. Wenye rula watoe rula, wenye kitabu kigumu walete kitabu, tuanze na waliokaa nyuma.

Ahsanteni.